Bakshishi: Ipi Upokee, Ipi Urudishe

Mhudumu wa mgahawa aliyeachiwa elfu mbili juu ya meza na muuguzi aliyetiwa elfu kumi kwenye mfuko wa gauni lake la kazi wote wawili wamepewa pesa na mtu aliyeridhika. Wa kwanza amepata chake cha halali. Wa pili amewekwa mahali pabaya, anapoweza kupoteza kazi na hata kushtakiwa, ingawa hakuomba na wala hakunyoosha mkono. Watu wengi wanaihisi tofauti hiyo, ila wakiulizwa waieleze wanakwama. Matokeo yake wapo wanaopokea kila kinachokuja wakiita riziki, na wapo wanaokataa hata soda kwa kuogopa jina baya. Mteja naye hajui ampe nani, wapi, na lini.

Makala haya yanawalenga hasa wanaohudumia watu: wa hotelini, mlimani, saluni, hospitalini, kwenye ujenzi na ofisini. Lakini mteja naye asome, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayemtia mwenzake matatani bila kujua.

Kiasi cha pesa si kipimo. Elfu moja inaweza kuwa rushwa na laki mbili ikawa bakshishi safi. Jiulize hivi: mteja huyu asingenipa kitu, angepoteza nini? Ikiwa bei ameshalipa, huduma ameshapata, na kesho akirudi atahudumiwa vilevile hata kama leo ameondoka bila kuacha senti, pokea na ushukuru. Lakini ikiwa mkononi mwako kuna foleni, dawa, alama za mtihani, hati, kibali, kipimo cha kiwanja au usalama wa mtu, rudisha, hata kama amesema mara tatu kwamba ni ya soda tu. Kisha jiulize la pili: mkuu wangu wa kazi angekuwa amesimama hapa, ningeipokea? Ukiona unageuka pembeni ili usionekane, jibu unalo tayari.

Sheria nayo haiko mbali na vipimo hivyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 15 ndicho kila mtoa huduma anapaswa kukifahamu. Kinakataza mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine kuomba, kupokea au kujaribu kupata faida yoyote ili afanye, au kwa kuwa amefanya, au kwa kuwa ameacha kufanya jambo linalohusu kazi za mwajiri wake. Hapo kuna mambo matatu ambayo watu huyasahau. Sheria haimgusi mtumishi wa serikali peke yake. Karani wa kampuni binafsi na dereva wa tajiri nao wamo. Pili, haijali kwamba pesa ilitolewa baada ya kazi. Shukrani ya kupindishiwa utaratibu ni rushwa hata ikija wiki mbili baadaye. Na tatu, anayetoa naye ana kosa. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, ZAECA. Kenya ina Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo nayo inaingia hadi kwenye sekta binafsi.

Kwa nini basi mhudumu wa mgahawa hakamatwi? Kwa sababu mwajiri wake anajua na amekubali, mteja hatafuti upendeleo wowote, na hakuna haki ya mtu mwingine iliyosogezwa pembeni ili yeye apate. Mambo hayo yakiwapo yote, bakshishi haina doa. Likikosekana moja, simama ufikiri.

Tanzania iliwahi kujaribu kuipa zawadi mlango wa kisheria mahali isipostahili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa hoja kwamba ndiyo desturi yetu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba. Moja ya hoja zilizokuwa mezani ni kwamba mwenye pesa anapata nafasi ambayo maskini hawezi kuipata. Hoja hiyo naiona inafaa mbali zaidi ya uchaguzi, na nitairudia tutakapofika wodini.

Mlimani

Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo bakshishi ina uzito kama kwenye Mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja anayekwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huwa na kiongozi, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi watatu au zaidi. Wapagazi wenyewe hujiita wagumu, na jina limewakaa sawasawa: mzigo wa hadi kilo 20 unapimwa kwenye mizani getini, na mtu anatakiwa afike nao kambini kabla ya mgeni ili akute hema limesimama na maji yamechemka.

Tipu, kama inavyoitwa huko, ni sehemu kubwa ya kile wanachorudi nacho nyumbani. Makampuni mengi huwaeleza wageni watenge, kwa kundi zima, dola 8 hadi 10 kwa siku kwa kila mpagazi, 12 hadi 15 kwa mpishi, 15 hadi 20 kwa msaidizi wa kiongozi, na 20 hadi 25 kwa kiongozi mkuu. Swali la kupokea au kutopokea hapa halina mjadala. Kwa maoni yangu mjadala wa kweli ni pesa hiyo inapita mikono ya nani.

Chukua kundi la wageni wanne kwa siku saba, wakiwa na wapagazi kumi na wawili. Kwa dola 8 tu kwa siku, fungu la wapagazi ni dola 672. Wageni wanalifunga kwenye bahasha moja na kumkabidhi kiongozi mkuu, wanapiga picha, wanapanda gari kwenda hotelini Moshi. Jioni, kando ya barabara, kila mpagazi anapewa dola 30 na kuambiwa wageni wa safari hii walikuwa wagumu wa mkono. Kumi na mbili mara thelathini ni 360. Dola 312 zimepotea, na wageni wanarudi kwao wakiamini wametenda haki. Wakati mwingine wizi unaanza mapema zaidi, kwenye orodha: mgeni anaambiwa ana wapagazi kumi na wanne, wawili kati yao hakuna aliyewahi kuwaona.

Njia ya kuzuia haya inajulikana na haina gharama. Siku ya kwanza, kabla ya kuondoka getini, wafanyakazi wote wajitambulishe kwa jina na kazi mbele ya wageni, na wageni waandike. Usiku wa mwisho kambini, au asubuhi ya kushuka kabla watu hawajatawanyika pale Mweka au Marangu, mgeni mmoja asome kiasi cha kila mtu kwa sauti, kiongozi atafsiri neno kwa neno, na kila mmoja apokee chake kwa mkono wake. Ikiwa ni lazima pesa ipitie ofisini, iwe na karatasi yenye majina, kiasi na sahihi. Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukisisitiza uwazi wa namna hii na kukusanya taarifa kutoka kwa wapagazi wenyewe baada ya safari. Kampuni inayokubali kuchunguzwa hivyo inamwambia mgeni mengi kuliko picha nzuri kwenye tovuti yake.

Wewe kiongozi, usikubali bahasha iliyofungwa. Najua inaonekana ni heshima kupewa dhamana ya kundi, lakini bahasha iliyofungwa itakufanya ushukiwe hata ukiwa mwaminifu. Waambie wageni kwa adabu: "Tafadhali wapeni wenzangu mbele yangu, nitawasaidia kutafsiri." Na wewe mpagazi, tipu isikufumbe macho kuhusu mshahara. Uliza kiwango chako cha siku kabla ya kubeba mzigo. Kampuni inayosema "utapata kwa wageni" inataka wageni wakulipie mshahara ambao ni wajibu wake.

Hapo ndipo panapofaa kumwelewa mgeni wa Marekani. Kwao sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi tipu zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Baadhi ya majimbo yamekataa mpango huo, lakini mazoea yameenea nchi nzima. Ndiyo maana Mmarekani anaacha asilimia 15 hadi 20 bila kuulizwa. Tanzania haina utaratibu huo. Kima cha chini hutangazwa kwa Amri ya Mshahara, na mwajiri anatakiwa kukilipa kutoka mfukoni mwake. Bakshishi inakuja juu yake.

Hotelini na mgahawani

Ugomvi mwingi wa hoteli ni wa wafanyakazi kwa wafanyakazi. Mhudumu wa mezani anaonekana, mpishi na mwosha vyombo hawaonekani, kwa hiyo mmoja anaondoka na pesa na wengine na harufu ya kitunguu. Mimi naunga mkono mfuko wa pamoja, kwa sharti kwamba mgawanyo umeandikwa na kubandikwa ukutani, anayehesabu hayuko peke yake, na meneja hachukui fungu. Uingereza imelazimika kutunga sheria kuhusu jambo hili, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri anatakiwa kuwafikishia wafanyakazi bakshishi zote bila kukata kitu na kuzigawa kwa haki. Sisi hatuhitaji kungoja sheria ili kubandika karatasi ukutani.

Angalia pia ada ya huduma inayoongezwa kwenye bili. Mteja akiiona hudhani ameshatoa bakshishi, na mara nyingi mhudumu hajawahi kuiona. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 ina jambo zuri hapa: ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi haihesabiwi kwenye thamani inayotozwa kodi, ikiwa inagawiwa moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa makubaliano ya maandishi na haizidi asilimia 10 ya bei. Mfanyakazi wa Mombasa au Nairobi ana haki ya kuuliza makubaliano hayo yako wapi. Mteja popote alipo anaweza kumuuliza mhudumu kwa upole, "Hii ada inawafikia?" Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Anayesafisha vyumba awe mwangalifu kuliko wote. Pesa iliyoachwa juu ya kabati la kitandani na mgeni ambaye bado hajaondoka si bakshishi, ni mali ya mgeni. Hata aliyeondoka anaweza kuwa amesahau. Usiitie mfukoni bila karatasi yenye neno la shukrani, au bila kumwita msimamizi aone. Watu waliofanya kazi miaka mingi kwa uaminifu wamefukuzwa kwa noti moja waliyodhani ni yao. Na ikiwa wewe ndiye mgeni, chukua dakika moja uandike "Asante, hii ni yako" uweke juu ya pesa. Usiache sarafu za euro wala noti ya dola iliyochanika au ya zamani. Kwa kawaida sarafu za kigeni hazibadilishwi, na noti mbovu hukataliwa dirishani. Shilingi inamfaa zaidi.

Saluni, bodaboda, kinyozi, fundi cherehani: pokeeni. Bei ni ya wazi, mteja ana pa kwenda akichukia, na chenji aliyokuambia ubaki nayo ni yako. Neno langu ni moja tu kwenu. Usijifanye huna chenji.

Wodini

Kwa miaka mingi sera ya afya ya Tanzania imewaweka wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 kwenye msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo wodi ya wazazi ndipo mahali ambapo pesa ya shukrani inatembea zaidi, na inatoka kwenye mioyo safi. Bibi amefika na chupa ya uji na kanga mpya, amemwona mjukuu analia kwa nguvu, binti yake yuko hai. Anafungua fundo la kitenge, anatoa elfu tano, anaisukuma kwenye kiganja cha muuguzi. Nani atamwita bibi huyu mtoa rushwa?

Lakini geuza macho kitanda cha pili. Pale kuna mwanamke ambaye uchungu unaanza, hana mtu, na kwenye pochi yake ana nauli ya kurudi. Ameona. Kuanzia dakika hiyo anaamini kwamba kuna bei ambayo hakuambiwa. Akicheleweshewa shuka kwa sababu yoyote ile, atajua ni kwa kuwa hakutoa. Mimba ijayo pengine ataikwepa hospitali kabisa. Bibi hakununua kitu, ila jirani wa binti yake ametangaziwa bei. Ndiyo ile hoja ya takrima: nia njema ya mwenye nacho inamfungia mlango asiyenacho. Kwa sababu hiyo nasema bila kusita kwamba muuguzi, mkunga, daktari na mfamasia wasipokee pesa ya mgonjwa au ndugu zake, kabla wala baada.

Kukataa kwa Mswahili kuna adabu yake, kwa sababu mkono unaorudishwa unaumia. Usirudishe kimya, wala usimsomee bibi kifungu cha sheria. Shika mikono yake yote miwili, pesa ikiwa humo humo, useme: "Bibi, nimepokea kwa moyo. Sisi hapa haturuhusiwi. Hii kamnunulie mjukuu sabuni." Akisema, "Mwanangu, unanidharau?" mjibu: "Hapana, bibi. Nikichukua yako, yule mama pale ataona na yeye lazima atoe, naye hana." Wazee wanalielewa hilo haraka sana. Nimesikia bibi akijibiwa hivyo akaenda kumpa uji yule wa kitanda cha pili.

Anayeng'ang'ania kushukuru ana njia zinazomsaidia muuguzi zaidi ya elfu tano. Aandike barua fupi kwa mganga mfawidhi, amtaje kwa jina, tarehe na zamu; barua hiyo huingia kwenye jalada na ina maana siku ya kupandishwa cheo. Akitaka kutoa kitu, atoe kwa wodi nzima kupitia muuguzi kiongozi, kiandikwe kwenye daftari la vitu vilivyopokelewa: mashuka, sabuni, taa, katoni ya maji. Chakula kidogo kinacholiwa na wote mezani, mchana, mbele ya kila mtu, binafsi sioni ubaya wake, lakini kanuni za kituo chako ndizo zenye kauli.

Mwalimu anayesahihisha, mpima ardhi wa halmashauri, karani wa mahakama na askari wa barabarani wako kwenye fungu hilo hilo, na hawana hata hoja ya bibi. Wakili, mhasibu au mthamini wa binafsi ambaye mteja anataka kumwongeza kitu kwa kazi nzuri ana njia nyepesi: aingize kwenye ankara, atoe risiti.

Kamisheni ya pembeni

Kuna pesa moja ambayo haiitwi bakshishi wala rushwa, na kwa sababu haina jina baya inawala watu sana. Fundi ujenzi anakupeleka duka fulani la vifaa, ananunua saruji, nondo na rangi kwa pesa yako, na wiki inayofuata mwenye duka anamkatia asilimia kumi. Dereva wa watalii anasimama kwenye duka moja tu la vinyago njia nzima. Mfamasia anasukuma dawa ya kampuni moja. Mpokeaji hujitetea kwamba mteja hakuombwa kitu. Ameombwa, ila hakuambiwa: ile asilimia kumi imo ndani ya bei aliyolipa, na ushauri aliodhani ni wa fundi wake ulikuwa wa mwenye duka.

Dawa yake ni kusema. Fundi anayesema "Mzee, hapa huwa wananipa kidogo nikileta mteja, kama hutaki twende kwingine" amejisafisha, na wateja wengi watamwambia achukue. Fundi anayeficha anapokea kitu ambacho hata sheria ile ya 2007 inaweza kumfikia. Mteja naye aache tabia ya kumkandamiza fundi kwenye bei ya ufundi mpaka anabaki hana pa kupata faida isipokuwa dukani.

Ukiombwa, na ukiingiziwa bila kuomba

Mteja ukiambiwa "ya maji" kabla ya huduma ambayo ni haki yako, uliza kwa sauti ya kawaida: "Risiti nitapata?" Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Yasipoishia, kumbuka mahali, saa na dirisha, na usimgombeze mtu mbele ya watu kabla hujahudumiwa. Bara, namba ya kupiga bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113.

Siku hizi pesa haiji tena kwenye kiganja, inaingia kwenye simu. Mgonjwa au mzazi wa mwanafunzi anapata namba yako kwa jirani, usiku unasikia mlio, na ujumbe unasema umepokea elfu ishirini. Hukuomba, lakini ukilala nayo imekuwa yako. Irudishe usiku huo huo kwenye namba ile ile iliyotoka, usiitume kwa namba nyingine hata ukiombwa, kwa sababu matapeli nao hutumia mchezo huo. Usifute ujumbe wa kupokea wala wa kurudisha. Asubuhi mweleze msimamizi wako na umwonyeshe jumbe zote mbili, aandike tarehe. Kwa mhudumu wa mgahawa mambo ni tofauti kidogo: ikiwa mteja anataka kukutumia bakshishi kwa simu, bili yenyewe iende kwanza kwenye lipa namba ya mgahawa, bakshishi ije kwako peke yake baadaye, ili siku mahesabu ya kaunta yasipolingana asitokee mtu wa kusema ulichukua pesa ya chakula.